Nilichokifuta na nilichokibakiza

"Kaka, mbona nyeusi?"

Mdogo wangu wa kike alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kikombe mkononi, akiangalia skrini. Kwa siku nne mfululizo alikuwa akinisikia nikifungua mlango saa nane usiku kwenda kukagua kama kioo cha darubini kimeshika umande, na sasa alitaka kukiona hicho kilichonikosesha usingizi. Nilichokuwa nacho ni mstatili mweusi wenye vidoa vyeupe vichache, kama karatasi iliyotobolewa kwa ncha ya sindano. Nikamwambia asubiri kidogo. Akatazama tena, akaguna, akaenda zake.

Hakukosea. Picha ya galaksi ikitoka kwenye kamera ni nyeusi kweli, na asiyejua atadhani umesahau kuvua kifuniko. Kamera yangu huandika mwanga wa kila pikseli kwa namba kuanzia 0 hadi 65,535. Anga tupu, yaani lile giza lenyewe likichanganyika na mwanga wa taa za mbali, lilikuwa linasoma kama 1,900. Mkono wa galaksi ulisoma 1,960. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimejibana kwenye ukingo wa kushoto wa histogramu, yaani mchoro unaoonyesha ni pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani, chembamba kama unywele, na upande wote wa kulia uliobaki ulikuwa wa nyota chache zenye kelele.

Galaksi yenyewe ni M51, karibu na ncha ya mkia wa Dubu Mkubwa, zaidi ya miaka nuru milioni 20 kutoka hapa tulipo. Kwa hakika ni mbili: kubwa yenye mikono iliyojipinda kama nyumba ya konokono, na ndogo, NGC 5195, iliyong'ang'ania ncha ya mkono mmoja. Mwaka 1845 William Parsons, Earl of Rosse, aliitazama kwa darubini yake kule Ayalandi, yenye kioo cha upana wa mita 1.8, akawa wa kwanza kuona kwamba imejipinda. Hakuwa na kamera. Alichora kwa mkono kile ambacho jicho lake lililozoea giza lilimwambia kipo. Mchoro ule nimekuwa nikiufikiria sana tangu yaliponikuta haya ninayotaka kuyasimulia.

Nilipiga picha 172, kila moja ya sekunde 180. Nikatupa 28: nyingine upepo ulitikisa darubini, nyingine wingu jembamba lilipita, na moja nilipiga teke mguu wa darubini gizani nikabaki nimeshika kidole changu cha mguu huku nyota zikichora mistari. Zikabaki 144. Hizo ni saa 7 na dakika 12 za mwanga.

Ukiikuza picha moja kati ya hizo utaona chenga tupu, kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni. Chenga hizo hazina mpango. Pikseli ileile picha hii imezidisha kidogo, picha ijayo imepunguza. Mwanga wa galaksi ndio wenye msimamo, unarudi palepale kila mara. Kwa hiyo unazipanga picha zote hadi nyota zikae juu ya nyota, kisha unachukua wastani. Ndiko tunakokuita kulundika. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, na kwa 144 zinapungua mara 12. Hesabu hiyo ni tamu mwanzoni na chungu baadaye, maana kuzipunguza tena kwa nusu ningehitaji picha 576, yaani saa nyingine 21 na ushee. Ndiyo maana watu wa kazi hii huzungumzia hali ya hewa kama wavuvi.

Kulundika kuna faida nyingine. Setilaiti ikikatiza mbele ya galaksi inaacha mstari, lakini programu inaziweka thamani zote 144 za pikseli moja kando kwa kando, inaona ile iliyoruka mbali na wenzake, inaitupa. Mimi natumia Siril, ambayo ni ya bure na kazi hii inaifanya vizuri kabisa. Kinachotokea mara moja tu hakina nafasi. Nilikuwa nimeuzoea ulinzi huu kiasi cha kusahau kwamba hauna la kufanya kuhusu kitu cha uongo kinachotokea mara sabini.

Kabla ya kulundika kuna usafi ambao wengi tunaufanya shingo upande. Unapiga picha za giza, kifuniko kikiwa juu, ili kuzijua pikseli zinazowaka zenyewe. Halafu unapiga picha za mwanga sawia: unavalisha mdomo wa darubini fulana nyeupe, unaielekeza kwenye anga la alfajiri, unapiga. Picha hizo huonyesha jinsi darubini inavyofifisha pembe na kila chembe ya vumbi iliyotua kwenye kioo kilicho mbele ya kihisi cha kamera. Darubini yangu ni ya vioo, na kioo kidogo kinaziba katikati ya njia ya mwanga, kwa hiyo kivuli cha chembe hakiwi doa, kinakuwa pete. Programu inagawa kila picha ya galaksi kwa ile ya fulana. Palipofifishwa panainuliwa, na pete zinapotea kama hazikuwahi kuwepo.

Mimi nilipiga picha za fulana alfajiri ya kwanza, nikazitumia kwa usiku zote nne. Darubini ni ileile, kamera ni ileile, kwa nini nijisumbue?

Baada ya kulundika ndipo inakuja raha yenyewe, ambayo mimi huiita kuvuta. Unaichukua ile nywele ya kushoto mwa histogramu na kuivuta kuelekea kulia, kidogo kidogo, ukizipanua namba za chini na kuzibana za juu. Natumia kwanza mvuto wa asinh, kanuni mojawapo ya hisabati, kwa sababu unafungua giza bila kukichoma kiini cha galaksi kikawa cheupe chote, na rangi za nyota zinapona. Kitelezi kikisogea, skrini nyeusi inaanza kuwa na ukungu. Kisha ukungu unapata katikati. Kisha unaona kuwa ile katikati ina mkia, na mkia unazunguka, na ndani ya mzunguko kuna mishipa ya vumbi jeusi. Nimefanya hivi mara nyingi na bado mkono unanisisimka.

Ukivuta zaidi ya hapo unaingia eneo ambalo kila mtu anaenda na moyo wake.

Mimi niliingia. Karibu na NGC 5195, upande wa nje, niliona tao. Lilikuwa jembamba, hafifu, limepinda vizuri, upande mmoja likimezwa na mwanga wa galaksi. Moyo ukapiga. Galaksi zinapopitiana karibu huraruana, na nyota zilizochomolewa hubaki zimetanda angani kama uzi uliofumuka. M51 na mwenzake wanajulikana kwa ugomvi huo. Nikajiambia, hii ni mojawapo ya nyuzi hizo, na kamera yangu imeinasa.

Kuanzia hapo kila hatua niliyofanya ilikuwa ya kulipendelea lile tao, ingawa wakati ule ningeapa kwamba naisafisha picha tu. Nililizungushia barakoa ili kifuta-chenga kisiliguse. Nililiongezea utofauti kidogo. Kulikuwa na ukungu usio na umbo umetanda upande uleule, nikauona unaniharibia weusi wa anga, nikaona heri niuondoe.

Kuuondoa ni rahisi. Anga halina mwanga sawa pande zote. Upande wenye taa huwa umepauka, na mteremko huo wa mwanga lazima utolewe. Unaweka vidonge vidogo vya sampuli mahali ambapo unaamini ni anga tupu, programu inatandaza juu yake uso laini kama shuka lililofungwa kwenye pembe, kisha inatoa shuka hilo kwenye picha. Siri yote iko kwenye neno "unaamini". Nilipanga vidonge karibu kila mahali, vitatu vikiwa juu ya ule ukungu. Nikabonyeza. Anga likawa jeusi safi, na tao langu likasimama wazi kuliko nilivyotarajia.

Nikamtumia rafiki yangu ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, namwita Mwalimu ingawa hajawahi kunifundisha darasani. Nilitegemea pongezi. Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Mdogo wangu, gawa picha zako mafungu mawili. Usiku wa kwanza na wa pili fungu moja, wa tatu na wa nne fungu la pili. Lundika kila fungu peke yake. Usinitumie ulizosafisha. Nitumie mbichi."

Kwa bahati zilikuwa 72 kwa 72. Nikalundika, nikavuta zote mbili kwa kipimo kilekile, nikaziweka moja juu ya nyingine na kuanza kuziwasha na kuzizima kwa kidole. Fungu la kwanza, la pili. La kwanza, la pili.

Tao lilikuwepo kwenye la pili tu.

Nilikaa kimya kwa muda. Kisha nikakumbuka kwamba jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimeivua kamera nikafuta umande, nikairudisha. Chembe moja ya vumbi iliyokuwepo alfajiri ya kwanza ilikuwa imeondoka. Ila picha zangu za fulana hazikuwa na habari. Ziliendelea kuinua mwanga mahali palipokuwa na kivuli chake, wakati kivuli hakipo tena, na pete ya giza ikageuka pete ya mwanga. Nusu yake ilizama ndani ya mng'ao wa galaksi. Nusu nyingine ndiyo niliyoiona uzi wa nyota. Vumbi ambalo halipo, nikalivika barakoa nisilichubue!

Nilipiga hesabu baadaye, kama mtu anayerudi kutazama shimo alilotumbukia. Kivuli cha chembe ile kilikuwa kinazuia nusu ya asilimia tu ya mwanga. Nusu ya asilimia ya 1,900 ni kama 9. Kosa likiwa kwenye nusu ya picha, katika wastani linabaki 5. Tao langu lote lilikuwa namba 5 juu ya anga, kwenye kipimo kinachofika 65,535.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kwenye picha hizohizo mbichi. Ule ukungu usio na umbo, ule ulionichafulia anga, ulikuwepo kwenye fungu la kwanza. Na kwenye la pili. Mahali palepale, upana uleule, umetanda kutoka NGC 5195 kwenda upande ulioipa galaksi kubwa mgongo. Ule ndio wa kweli. Ni nyota zilizotawanywa na huko kupitiana kwao, na picha ndefu za wengine zinazo miaka na miaka. Nikapima: namba 6 juu ya anga.

Ya uongo 5, ya kweli 6. Nilibakiza ile, nikaifuta hii, kwa sababu ya uongo ilikuwa na umbo zuri.

Nikiisimulia habari hii, watu wasiofanya kazi hii huniuliza swali moja: kwa hiyo hizi picha zenu ni feki? Swali hilo linanichosha ila nalielewa. Rosse naye angeulizwa. Kati ya kioo chake na karatasi palikuwa na mkono wa mtu, na mkono una mapenzi yake. Kinachomwokoa ni kwamba wengine walikuja kutazama, wakaona umbo lilelile. Mwaka 1888 Isaac Roberts alipopiga picha ya Andromeda iliyoonyesha kuwa nayo ina muundo wa kujipinda, sahani ya kioo ya kupigia picha ilichukua nafasi ya mkono, lakini haikumwondoa mtu. Lazima mtu aamue afifishe nini na aangaze nini.

Na kuna mfano wa hivi karibuni ambao Mwalimu alinitupia siku ile, bila maelezo, viunganishi vya mtandaoni tu. Andromeda ndiyo galaksi kubwa iliyopigwa picha kuliko zote, kila mwenye kamera ameanzia pale. Mwaka 2023 wapenzi watatu wa elimu ya anga, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wakatangaza pamoja na wanasayansi kwamba pembeni yake kuna tao kubwa la mwanga wa oksijeni, lenye urefu wa kama digrii 1.5, sawa na miezi mipevu mitatu ikipangwa mstari. Halikuonekana kabla kwa sababu ni hafifu mno na linahitaji filta inayopitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500.7 pekee, kwa makumi ya saa. Fikiria walivyojisikia walipoliona mara ya kwanza. Tao! Kando ya galaksi! Ningekuwa mimi ningelitangaza usiku uleule. Wao walihakikisha kwanza kwamba darubini nyingine, zenye kamera nyingine, zinaliona pia. Vumbi lao haliwezi kuhamia kwenye kamera ya mtu mwingine.

Basi nikaanza upya, kutoka kwenye picha mbichi. Kwa bahati nzuri alfajiri moja baadaye nilikuwa nimepiga picha nyingine za fulana bila kuigusa kamera, nikazitumia kwa fungu la pili. Tao likayeyuka. Nilijua litayeyuka, na bado nililitazama likienda kwa huzuni kidogo.

Vidonge vya anga safari hii niliviweka 14 tu, vyote mbali na galaksi, kwenye pembe na kingo. Shuka lililotoka lilikuwa mteremko mmoja rahisi kutoka kushoto kwenda kulia. Mteremko wa taa ndivyo ulivyo, hauna mabonde. Siku hizi nikiona shuka langu lina kidimbwi katikati, hapo hapo najua nimeila galaksi.

Rangi sikuhangaika nazo. Kihisi cha kamera kina pikseli mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na moja ya bluu, ndiyo maana picha mbichi huwa na ukijani, lakini programu inazitambua nyota zilizomo, inazilinganisha na rangi zilizopimwa na Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, inarekebisha. Kiini kikatoka cha njano, kwa kuwa kimejaa nyota za zamani. Mikono ikatoka bluu, na juu yake vifundo vya waridi ambako haidrojeni inang'aa kwa nanomita 656.3 na nyota mpya zinazaliwa. Mtu akitaka kuzijaza rangi hadi galaksi ifanane na bango la tamasha, ni picha yake. Mimi naacha mahali ambapo bado naweza kutofautisha waridi na nyekundu.

Kwenye kuinoa picha ndipo nilisita. Zamani tulitumia Richardson-Lucy, njia iliyopewa majina ya watu wawili walioiandika kila mmoja kivyake, mwaka 1972 na 1974. Ukiizidisha inakushtaki yenyewe: kila nyota inavaa pete nyeusi. Zana mpya za mitandao ya neva, yaani akili bandia, hazina adabu hiyo. Zimefundishwa kwa mapicha mengi, na zikizidishwa hazitoi kasoro, zinatoa kitu kizuri. Kwenye mkono wa magharibi nilipata vifundo vitano vimepangana kama shanga. Hapo nikafungua picha ya M51 iliyopigwa na darubini ya Hubble na kutolewa mwaka 2005, nikaitafuta sehemu ileile. Vinne vilikuwepo. Mahali pa cha tano palikuwa na ukanda wa vumbi umekatiza kati ya mawingu mawili, na programu imeamua yenyewe kwamba pawe na shanga. Nikaupunguza unoaji hadi vyote vitano vikalainika. Wapo watakaosema nimepoteza uzuri. Nimepoteza, ndiyo.

Kazi ikabaki kwa ule ukungu. Nikiuvuta uonekane wazi, chenga nazo zinapanda na anga linakuwa kama mchanga. Nikiuficha, nimerudi nilikotoka. Nilijaribu mara saba au nane, nikalala, nikaamka nikajaribu tena. Mwishowe niliuacha mahali ambapo ukijua pa kutazama unauona, na usipojua unadhani skrini ina uchafu.

Nikamtumia Mwalimu. Alijibu neno moja, "Sawa," ambalo kwake ni hotuba.

Mdogo wangu nilimtumia kwenye simu. Nikamsikia kutoka chumba cha pili.

"Kaka, hii nzuri! Huyu mdogo anavutwa?"

"Anapita. Angalia juu yake, upande wa nje. Kuna kama moshi."

Kimya.

"Mimi sioni kitu."

"Zima taa ya chumbani," nikamwambia. "Halafu ongeza mwanga wa simu."

Nikasikia swichi ikibofya.